Shemeji katoka Chuo cha Mafunzo, mkwe anataka alale nyumba moja na wanangu

BARUA

Assalaam alaykum mama mshauri,

Mie ni mke wa mtu, nina miaka 34, naishi kijijini wilaya ya Wete, Pemba. Nina watoto watatu. Wa kiume ana miaka 11, wa kike 8, na kitinda mimba hajaanza skuli. Mume wangu ni mvuvi. Akienda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, hukaa wiki mbili tatu, na upepo ukiharibika hukaa zaidi. Nyumba yetu na ya mama mkwe zimo kiwanja kimoja, ua mmoja, kisima kimoja.

Linalonikosesha usingizi ni mdogo wake mume wangu. Miaka minane nyuma, mtoto wa kiume wa wifi yangu, wakati huo ana miaka 9, alisema mambo aliyofanyiwa na mjomba wake huyo. Polisi walikwenda, fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka mtu kwa daktari, ilijazwa, kesi ikafunguliwa. Halafu wazee wakakaa kikao. Ikasemwa aibu hii ni ya ukoo mzima, na atakayeumbuka zaidi ni mtoto mwenyewe. Mtoto akapandishwa boti, akapelekwa Tanga kwa ndugu wa baba yake. Kesi ikiitwa, shahidi hayupo. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwisho ikaondolewa. Mie wakati huo nina mtoto mchanga mikononi na kauli kwenye kikao sina.

Shemeji akahamia Unguja. Huko akafanya tena, safari hii kwa mtoto wa kike wa jirani. Wazazi wa mtoto yule walikataa kikao chochote. Alitiwa hatiani kwa shambulio la aibu akafungwa miaka 4 Chuo cha Mafunzo, ndiyo jela yetu huku. Mume wangu alikuwepo siku ya hukumu. Alinisimulia kwamba wakili aliomba huruma ya mahakama kwa kuwa mteja wake ni mkosaji wa mara ya kwanza, na hakimu akalizingatia hilo. Mara ya kwanza! Na yule mtoto wa Tanga je?

Sasa amemaliza kifungo na amerudi tangu mfungo sita. Analala banda la uani. Mama mkwe anasema mvua zikianza banda litavuja, kwa hiyo aingie ndani, chumba cha watoto wa kiume, na mume wangu akiwa dago awe ndiye "mwanamume wa nyumba". Nikijaribu kusema huniambia: "Mja akitubu, nyie nani hata msimsamehe?" Imamu wetu naye alipoulizwa alisema Mwislamu amsitiri mwenzake. Mume wangu anasema ndugu yake ameshatumikia adhabu, yameisha. Akisema hivyo huwa hanitazami.

Mwalimu wa chuo cha Qur'an cha jirani, ambaye hajui lolote, amemsikia akisoma Qur'an kwa sauti nzuri, amemwomba amsaidie na watoto wadogo baada ya alasiri.

Binti yangu nimempeleka kwa mama yangu Konde, nimesema anamsaidia bibi yake. Wa kiume nimembakisha, yeye ni mwanamume, atajitetea. Ila juzi nimemsikia akieleza wenzake mchezo wa simu, anaujua mwanzo hadi mwisho, na sisi ndani simu ya aina hiyo hatuna. Nilipomuuliza akasema ami humpa simu yake acheze kule bandani, na humwambia "usimwambie mama, atakukataza." Sikuuliza zaidi, na sina ushahidi wa lolote.

Wifi yangu ananisihi ninyamaze. Mwanawe amerudi Pemba, ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na jambo hili likiinuliwa jina lake litaanza kutajwa barazani. Niende kwa sheha? Nimwambie mwalimu wa chuo? Nirudi kwetu na wanangu? Sheria ilikuwa na mtu huyu mara mbili na mara mbili imemrudisha kwetu. Nitaiamini vipi ya tatu?

*Mama wa watatu, Pemba*

JIBU LA MSHAURI

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Kwa jinsi nilivyokuelewa, una mashaka matatu yaliyofungwa pamoja: watoto wako walio ndani, watoto wa wenzako walio chuoni, na kijana wa wifi yako ambaye alisema kweli akiwa na miaka 9 na malipo yake yakawa tiketi ya boti. Kila unapogusa moja unaogopa kuvunja jingine. Ndiyo maana umeganda, na si kwa kuwa huna akili ya kuamua.

Nianze na pale ulipopita haraka. Binti umempeleka Konde, umefanya vyema. Wa kiume umembakisha kwa kuwa "ni mwanamume, atajitetea." Mwanangu, ana miaka 11. Mtoto wa kwanza aliyesemwa katika barua yako alikuwa wa kiume. Anayepewa simu bandani naye ni wa kiume. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uligundua kwamba kwa upande wa Zanzibar waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18 walikuwa kiasi cha wavulana 9 katika kila 100, na wasichana 6. Wengi hushangaa wakilisikia hili, kwa sababu sote tumelelewa kumchunga mtoto wa kike na kumwacha wa kiume arande.

Na ile simu. Umeandika huna ushahidi wa lolote, na kwa mahakama huenda ni kweli, kucheza mchezo kwenye simu ya ami si kosa la jinai. Lakini mtu mzima kumpa mtoto zawadi ndogo, mahali pa faragha, na siri ya kumficha mama yake, ni mwenendo ambao kila anayefanya kazi na watoto angeushtukia hata kama mtu huyo hana historia. Huyu anayo. Sikwambii kwamba limeshatokea jambo. Sijui, na wewe hujui. Ila siri hiyo ivunjwe sasa, kwa upole. Mwambie mwanao kwamba hakukosea kukueleza, kwamba nyumbani hakuna siri baina ya mtoto na mtu mzima ambayo mama haijui, na kwamba bandani haendi tena. Halafu muulize swali moja lililo wazi: "Mkiwa kule huwa mnafanya nini?" Msikilize. Usimtajie mambo unayoyaogopa, usimhoji kila usiku, wala usimwite shangazi na bibi waje wamuulize tena. Mtoto anayeulizwa na watu wengi hujifunza kujibu linalowapendeza, na baadaye wakili wa upande wa pili hulitumia hilo. Akisema kitu, kiandike kwa maneno yake yeye mwenyewe, na tarehe.

Akisema ameguswa, Mungu apishie mbali, usimkogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali penye kituo cha Mkono kwa Mkono. Chake Chake kipo. Hapo daktari, polisi na mshauri nasaha wanapatikana pamoja, ili mtoto asizungushwe ofisi hadi ofisi akisimulia upya.

Sasa nije kwenye hasira yako juu ya sheria, kwa sababu ni hasira ya haki na nataka tuiangalie vizuri. Unasema mara mbili ilikuwa naye na mara mbili ikamrudisha. Mara ya pili ndiyo, ilimhukumu na muda ukaisha. Mara ya kwanza sheria haikuwa naye hasa. Ilikuwa na jalada tu, kwa kuwa mtoto yuko Tanga. Mahakama zetu hutazama kumbukumbu za makosa ya nyuma baada ya mtu kutiwa hatiani, wakati wa kupanga adhabu, na kinachohesabiwa pale ni hukumu. Kesi iliyoondolewa haihesabiwi. Kikao cha wazee hakihesabiwi. Ndiyo maana wakili aliweza kusimama na kusema "mkosaji wa mara ya kwanza" bila ya kusema uongo. Hakimu hakuwa na namna ya kujua lililojulikana na kijiji kizima.

Nalisema hili bila ya kukubebesha wewe. Ulikuwa na mtoto mchanga na hukuulizwa. Lakini ukiuliza utaiamini vipi sheria mara ya tatu, inabidi tujue mara ya kwanza ilikwama wapi. Tangu mwaka 2021 tuna mahakama maalum za makosa ya udhalilishaji wa kijinsia, na sheria ya mwenendo wa jinai ya 2018 imeyaondolea dhamana makosa mazito kama ubakaji. Yote hayo yalitafutwa kwa sababu kesi zilikuwa zinaburuzwa na mashahidi wanapotea. Bado hakuna hakimu awezaye kumsikiliza shahidi aliyepandishwa boti usiku.

Mumeo anasema ameshatumikia, yameisha. (Nisamehe, neno "yameisha" nimelisikia sana katika kazi hii, na wanaolisema huwa ni watu wazima.) Ana nusu ya kweli. Shemeji yako hawezi kuadhibiwa tena kwa kosa lile la Unguja, na ana haki ya kula, kufanya kazi na kusali kama mtu yeyote. Lakini kumaliza kifungo hakumpi mtu haki ya kulala chumba kimoja na watoto. Hayo ni mambo mawili na mumeo ameyafunga fundo moja. Wewe unaweza kuyafungua: "Sikatai ndugu yako asaidiwe. Nakataa alale na wanetu." Mweleze na habari ya simu, kwa utulivu, siku ambayo hajachoka na mama yake hayupo karibu. Unaniambia akilisema lile neno hakutazami. Huenda ni aibu, huenda ni mtu anayejua na hana wa kumsaidia kulisema. Yeye ndiye aliyekaa mahakamani siku ile, si wewe.

Hatari ipo. Anaweza kukasirika, anaweza kumwendea mama yake, ukaitwa mchonganishi. Fikiria mapema nani katika ukoo wake anayesikilizwa na ambaye hakukaa katika kikao kile. Pengine yuko ami yake mkubwa mwenye nyumba isiyo na watoto, anayeweza kumchukua shemeji kwake. Hilo lingemwondolea mkwe wako hofu ya mwanawe kutupwa, nami nadhani ndiyo hofu yake hasa. Banda linalovuja linatengenezeka.

Kuhusu toba na sitara: mimi si sheikh na sitamjibu imamu wako. Ila nimewasikia masheikh wengi wakieleza kwamba sitara ni kwa dhambi iliyobaki baina ya mja na Mola wake, na kwamba penye kuchelea madhara kwa mwengine, kumtahadharisha huyo mwengine si kumfedhehesha ndugu. Rudi kwa imamu umuulize swali kamili. Aliulizwa nini safari ile? Aliambiwa kuna watoto ndani? Aliambiwa ni mara ya pili? Na toba ya kweli ya mtu wa namna hii ingekuwa na alama yake: yeye mwenyewe angekataa kulala na watoto, na angemwambia mwalimu wa chuo "kazi hiyo hainifai."

Tufike chuoni, kwani hapa moyo wangu ni mzito. Watoto wale si wako, na mwalimu hajui. Ukimwambia moja kwa moja unaweza kupata msikilizaji mwema, au mtu atakayelipeleka barazani kabla ya magharibi. Ukienda kwa sheha, kumbuka ni kiongozi wa serikali lakini pia ni mtu wa pale, huenda ni jamaa, na sheha mwingine kwa kupenda amani atakuitieni kikao kingine cha sulhu. Wapo masheha waliosimama imara, nao si wachache. Wewe wa kwako unamjua. Njia ya tatu ni ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unaogopa kwenda kwa kuwa huna ushahidi, lakini kutoa taarifa na kumshtaki mtu ni vitu viwili. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamtambua mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na kazi ya ustawi wa jamii haianzi baada ya mtoto kudhurika. Unakwenda na mambo uliyonayo: alihukumiwa Unguja, jambo ambalo mahakama inalo kwenye kumbukumbu, sasa anaombwa kusomesha watoto, na anampa mwanao simu kwa siri. Ofisa anaweza kuzungumza na mwalimu bila ya jina lako kutajwa. Hataweza kukuhakikishia kwamba hakuna atakayebahatisha limetoka wapi, kijiji ni kidogo.

Kama miguu haifiki wilayani, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Unaweza kuanza kwa kuuliza tu.

Ninachokuomba usifanye ni kuliandika jina lake kwenye makundi ya WhatsApp, wala kuwaambia vijana wa kijijini wakiwa na hasira. Utamtia mtu mikononi mwa watu wenye marungu, utafungua mlango wa kushtakiwa wewe, na jina la kijana wa wifi yako ndilo litakalokuwa la pili kutajwa.

Huyo kijana, mwanangu, ndiye niliyemfikiria zaidi. Kila mtu anamsemea: wazee walimsemea, mama yake anamsemea, na wewe na mimi tuko karibu kumsemea. Ana miaka 17 na anamwona mjomba aliyemdhuru akipita njiani kwenda msikitini. Je, kuna aliyemuuliza anataka nini? Huenda anataka anyamaziwe hadi amalize mitihani, na hilo liheshimiwe. Huenda amekuwa akingoja miaka yote hiyo mtu mmoja amwambie "tulikuamini." Kesi yake iliondolewa kwa kukosa mashahidi, na kuondolewa si lazima kuwe sawa na mshtakiwa kuachiwa huru kwa hukumu. Inategemea iliondolewa katika hatua gani. Wanasheria wa msaada wa bure wanaweza kulitafuta jalada na kumweleza hali ilivyo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, hushughulika na mambo haya. Lakini mlango huo ni wake. Usiufungue kwa ajili ya kuwalinda wanao, kwa sababu kuwalinda wanao hakuhitaji kesi yake. Ukimhakikishia wifi yako hilo tu, kwamba hutamgusa mwanawe, pengine atashusha pumzi na mtaweza kuzungumza. Naye ni mama aliyekubali jambo chini ya macho ya wazee, na sidhani kama amelala vizuri tangu siku ile.

Kurudi kwenu ni njia pia, na usiione kuwa ni kushindwa. Kama mumeo anakwenda dago kabla hamjaelewana, kumchukua mwanao wa kiume na mdogo ukalale kwa mama yako Konde hadi atakaporudi hakuhitaji idhini ya mahakama wala kikao. Itazungumzwa. Skuli itakuwa mbali, mkwe atanuna, na kama mumeo ni mtu wa hasira lisemwe kwake kabla ya kufungasha ili asilione kuwa ni kumkimbia. Ukibaki, basi mlango wa chumba cha watoto uwe na komeo la ndani na wewe ulale nao.

Sina hakika kwamba shemeji yako atarudia. Wapo watu waliotoka Chuo cha Mafunzo wakawa watu wengine, na mtu aliyerudi kijijini bila kazi, bila mke, bila wa kumfuatilia, anahitaji wakubwa wa kiume wamkalishe na kumwambia kwa uso mkavu mipaka yake ni ipi. Hilo ni jukumu la kaka yake. Tazama kama analiweza.

Niandikie ukishazungumza na mumeo, hata ikiwa mazungumzo yamekwenda vibaya. Na kama wifi yako anasoma hapa, naye aniandikie. Hatutamtaja.